Matone ya Damu Nje ya Hedhi: Tuandike Tarehe, Tujue Sababu



Tumepata barua kutoka kwa msomaji wetu mmoja, mama wa kijiji cha ufukoni. Jina lake hatulitaji wala kijiji chake, maana ndivyo alivyotuomba. Barua ni ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa penseli. Anasema ameolewa miaka minne na hajapata mtoto. Hedhi anaipata kila mwezi, lakini katikati ya mwezi huona tena matone ya damu, mara siku moja, mara siku mbili. Jirani mmoja amemwambia kuwa kila tone ni mimba inayotoka. Mwingine amemwambia kuwa amefungwa na watu. Nyumbani kwa mumewe wameanza kuuliza habari za ng'ombe wa mahari. Yeye anauliza jambo moja tu: je, matone haya ni nini?

Hili ni swali zuri, na tunajua si yeye peke yake analo. Katika madarasa yetu akina mama wengi hulisema kwa sauti ndogo darasa likishakwisha, wakati wengine wanatoka. Basi leo tulijibu hadharani, ili na akina baba wasome.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: matone ya damu nje ya hedhi si ugonjwa mmoja wenye jina moja. Ni dalili. Sababu zake ni nyingi. Nyingine hazina madhara, nyingine zinatibika, na chache ni za hatari. Mtu hawezi kuzitofautisha kwa kukisia. Kitu cha kwanza kinachosaidia kuzitofautisha kila mmoja wetu anacho, nacho ni daftari na kalamu.

Wazee wetu wanakumbuka kuwa hapa Mwanza na mikoa ya jirani ndiko kulikoanzishwa, mwaka 1968, mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, uvuvi, ng'ombe na migomba. Mkulima aliandika tarehe ya kupanda na uzito wa pamba yake ili asipunjwe. Leo tutumie kisomo hicho hicho kwa jambo la mwili.

1. Tujue kwanza mwezi wa mwanamke

Siku ya kwanza ya kuona damu ya hedhi tunaiita siku ya 1. Tunahesabu mpaka siku moja kabla ya hedhi nyingine kuanza. Hesabu hiyo ndiyo mwezi wa mwanamke. Wengi wamezoea kusema ni siku 28, lakini kwa mtu mzima siku 21 mpaka 35 ni kawaida. Damu yenyewe hutoka kwa siku 2 mpaka 7.

Katika kila mwezi, yai moja hukomaa ndani ya mwanamke na kutoka kwenda kwenye mirija ya uzazi. Linatoka siku gani? Mwaka 1924 daktari wa Kijapani aitwaye Kyusaku Ogino alionyesha kuwa siku hiyo huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka hedhi inayofuata. Yai hutoka kati ya siku ya 12 na ya 16 kabla ya hedhi hiyo. Tuchukue 14, iliyo katikati. Basi mwenye mwezi wa siku 28, yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye mwezi wa siku 35 ni karibu na siku ya 21. Mwenye mwezi wa siku 24 ni karibu na siku ya 10. Hapo tunaona kosa la wale wanaosema kila mwanamke hushika mimba siku ya 14. Sivyo.

Yai huishi kiasi cha siku moja tu. Mbegu ya mwanamume inaweza kuishi ndani ya mwanamke mpaka siku 5. Kwa hiyo siku za kupata mimba ni zile 5 kabla ya yai kutoka, pamoja na siku yenyewe. Mume anayekwenda ziwani na kulala kambini wiki mbili, akarudi nyumbani siku zimepita, hawezi kumlaumu mkewe kuwa hashiki mimba.

2. Tuandike namna gani?

Chukua daftari dogo. Tarehe utaiona kwenye kalenda ya ukutani au kwenye simu ya mkononi. Kila siku yenye jambo, andika tarehe na herufi moja:

H – hedhi
T – matone ya damu nje ya hedhi
K – kukutana na mume
M – maumivu ya tumbo la chini
U – uchafu ukeni wenye harufu au rangi isiyo ya kawaida

Basi, ni herufi tano tu. Hata akina mama waliomaliza kisomo mwaka huu wanaweza. Daftari hili ni la siri yako. Lihifadhi kama unavyohifadhi akiba yako.

Sasa tuangalie mifano mitatu. Ni mifano ya kufundishia, si watu tunaowajua.

Mama wa kwanza ameandika: H tarehe 3 Machi. T tarehe 17 Machi. H tarehe 31 Machi. T tarehe 14 Aprili. H tarehe 28 Aprili. Tuhesabu. Kutoka 17 Machi mpaka 31 Machi ni siku 14. Kutoka 14 Aprili mpaka 28 Aprili ni siku 14 tena. Matone yake yanakuja wakati ule ule yai linapotoka. Wanawake wachache huona hivyo, tone moja au mawili, bila maumivu makali, na si ugonjwa. Huyu amepata faida: mwili wake unamwonyesha siku zake. Ila akumbuke kuwa siku zilizo nzuri zaidi ni zile kabla ya tone. Akisubiri mpaka alione, huenda amechelewa.

Mama wa pili ameandika: H tarehe 3 Machi. K tarehe 11, T tarehe 12. K tarehe 19, T tarehe 19. K na T tarehe 25, pamoja na U. H tarehe 30 Machi. Hapa tone halifuati yai. Linafuata kukutana na mume. Hii ni habari nyingine kabisa. Huenda kuna kidonda au uvimbe kwenye mlango wa uzazi, na unaguswa. Huyu asingoje mwezi wa pili wala wa tatu. Aende kupimwa.

Mama wa tatu ameandika: H tarehe 3 Machi, H tarehe 31 Machi, kisha T kidogo tarehe 24 Aprili. Hedhi ya tarehe 28 haikuja. Yai lake lilitoka karibu na tarehe 14 Aprili. Siku kumi baadaye ameona tone. Huenda ni mimba imejishikiza kwenye mfuko wa uzazi. Apime mkojo hedhi ikishachelewa. Akipima mapema mno, kipimo kinaweza kusema hakuna kumbe ipo.

Matone ya mama hawa watatu yanafanana ukiyaangalia kwenye nguo. Kilichoyatofautisha ni tarehe.

3. Sababu tunazozikuta huku kwetu

(a) Mimba changa. Karibu mimba moja katika kila nne hutoa damu katika miezi mitatu ya mwanzo, na nyingi kati ya hizo huendelea vizuri. Nyingine hutoka kweli. Lakini kila tone katikati ya mwezi si mimba inayotoka, na jirani aliyesema hivyo amemtia mwenzake uchungu wa bure.

(b) Dawa za uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu, kijiti na kitanzi vinaweza kuleta matone. Aliyeacha sindano ajue kuwa mwili huchukua muda kurudi. Wengi huchukua miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho, na wengine zaidi ya hapo. Hilo si utasa. Aliyetolewa kijiti au kitanzi hurudi mapema zaidi.

(c) Magonjwa ya zinaa. Kisonono na klamidia vinaweza kukaa mwilini kimya, bila maumivu, huku vinaharibu mirija ya uzazi. Dalili pekee inaweza kuwa matone na uchafu kidogo. Mirija ikiziba, yai haliwezi kupita. Mkoa wetu una historia katika jambo hili. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walifanya kazi katika jumuiya 12 za vijijini mkoani Mwanza. Katika 6 kati ya hizo, huduma ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya iliboreshwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko katika jumuiya nyingine. Ulimwengu mzima ulijifunza kutoka kwetu kuwa kutibu magonjwa haya mapema, katika zahanati ya kijiji, kunaokoa watu. Sharti lake ni moja: mke na mume watibiwe pamoja. Akitibiwa mmoja, mwenzake atamrudishia ugonjwa.

(d) Kichocho. Hapa wengi watashangaa. Tumezoea kuwa kichocho ni ugonjwa wa watoto wanaokojoa damu. Lakini minyoo ya kichocho cha kibofu hutaga mayai, na mayai hayo hukwama pia kwenye uke, mlango wa uzazi na mirija. Yanaleta vidonda vidogo vinavyotoa damu, hasa vikiguswa. Yakifika kwenye mirija yanaweza kuzuia mimba. Wakati mwingine hata mkojo ukipimwa mayai hayaonekani. Jambo hili liliandikwa na daktari mmoja huko Kairo tangu mwaka 1899, lakini mpaka leo akina mama wengi hawajaambiwa.

Tukumbuke kuwa kichocho ni cha namna mbili. Kile cha tumbo huenea sana katika maji ya ufuko wa ziwa. Kile cha kibofu, ambacho ndicho hasa huumiza sehemu za uzazi, huenea zaidi katika malambo, mabwawa na majaruba ya mpunga mbali kidogo na ufuko. Mwanamke aliyeolewa ufukoni anaweza kuwa alikipata utotoni, alipokuwa akiteka maji lamboni kwa wazazi wake. Watafiti walipowapima wanawake 457 katika vijiji 8 vya ukanda huu wa ziwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa ugonjwa huu upo kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Dawa yake ni prazikuanteli, vidonge vinavyomezwa kwa kipimo cha uzito wa mtu. Huua minyoo. Makovu ya zamani huenda yakabaki, na ndiyo sababu tunasema mapema ni bora. Ukienda zahanati, mwambie mganga ulikolelewa na maji uliyokuwa ukitumia. Asipouliza, mwambie wewe.

(e) Vivimbe na saratani. Kuna vivimbe kwenye mfuko wa uzazi au kwenye mlango wake ambavyo si saratani, vikaleta damu. Na kuna saratani ya mlango wa uzazi, ambayo mara nyingi hujionyesha kwa damu baada ya kukutana na mume. Ikigunduliwa mapema inatibika. Kipimo chake si cha kutisha: mhudumu hupaka siki maalumu kwenye mlango wa uzazi na kuangalia rangi. Wasichana wetu tangu mwaka 2018 wanapata chanjo ya kuikinga. Tusiwazuie.

(f) Sababu nyingine. Ugonjwa wa tezi ya shingo, wasiwasi mwingi, kukonda sana au kunenepa sana kunaweza kuvuruga mwezi wa mwanamke. Na dawa za kuingiza ukeni, hata zikitolewa kwa nia njema ya kusafisha kizazi, zinaweza kuchubua na kuleta damu. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini tunasema wazi: tusiingize dawa ukeni bila ushauri wa zahanati.

4. Wakati wa kutongoja

Kuna dalili ambazo si za kuandika daftarini na kusubiri. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona moja ya hizi:

– Hedhi imechelewa, una matone, na tumbo linauma sana upande mmoja. 
– Unazirai, unaona kizunguzungu, au bega linauma bila sababu pamoja na tumbo. 
– Damu inaloanisha kitambaa chote kila saa. 
– Una homa na tumbo la chini linauma. 

Dalili mbili za kwanza zinaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Mimba hiyo haiwezi kukua. Ikipasua mrija, damu humwagika ndani ya tumbo, na mama anaweza kufa kwa saa chache huku nje yanaonekana matone tu. Kwa hiyo tusipime hatari kwa wingi wa damu iliyo nje. Anayekaa kisiwani, kama Ukerewe au Ukara, apange mapema na wenzake namna ya kupata chombo cha kuvuka, maana mashua haingojewi mpaka mtu azirai.

5. Mume yuko wapi?

Ndugu zetu akina baba, sehemu hii ni yenu. Katika nyumba zinazokosa mtoto, karibu nusu yake mwanamume anakuwa na sababu pia, peke yake au pamoja na mkewe. Nguvu za kiume na mbegu za uzazi ni mambo mawili. Mwanamume anaweza kuwa shujaa wa kuvuta kokoro na kulima ekari tano, na bado mbegu zake zikawa chache. Hawezi kujua mpaka apimwe. Kipimo chake ni rahisi kuliko cha mwanamke. Kwa nini basi mwanamke apimwe mara tano, apelekwe kwa waganga watatu, mume hajapimwa hata mara moja? Na ng'ombe wataulizwaje kabla ya kipimo?

Hesabu ya kungoja ni hii: mke na mume wakiishi pamoja na kukutana mara kwa mara kwa mwaka mmoja bila mimba, waende wote wawili hospitali. Mke akiwa amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi sita. Mwenye matone yasiyoeleweka asingoje hata hiyo miezi.

6. Ukifika zahanati

Wengi hufika, wakaona haya, wakasema tumbo linauma, wakapewa dawa ya tumbo. Safari imepotea. Sema hivi: "Ninatokwa na damu nje ya hedhi, na ninatafuta mtoto. Nimeandika tarehe." Kisha toa daftari. Ukiona haya kusema, mpe asome. Omba kupimwa mimba, magonjwa ya zinaa, kichocho na mlango wa uzazi. Zahanati isipokuwa na vipimo, omba barua ya kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Wa Mwanza wanaweza kufikishwa mpaka Sekou Toure, au Bugando, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971. Na ukiwa unatafuta mtoto, uliza pia vidonge vya foliki asidi. Husaidia kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo, na vinafaa vianze kabla ya mimba.

7. Kwa dada yetu aliyetuandikia

Dada, hatukuoni na hatuwezi kukupima kwa gazeti. Hatuwezi kukuahidi mtoto. Anayeahidi hivyo bila kupima anakudanganya. Lakini haya tunakuambia. Matone yako yana sababu, na sababu hiyo inatafutwa kwa vipimo, siyo kwa kesi. Hujatuambia kama yanakuja siku 14 kabla ya hedhi au baada ya kukutana na mumeo, na pengine wewe mwenyewe hujahesabu. Anza kuandika leo. Lakini usisubiri daftari lijae. Miaka minne imetosha. Nenda wiki hii, mwende wawili. Mumeo akikataa, msomee sehemu ya 5, au mwachie gazeti mezani.

Na wewe uliyejua kuandika barua ile kwa penseli, unajua vya kutosha kuandika H na T.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mama mmoja ameona hedhi tarehe 5 Juni na tena tarehe 5 Julai. Mwezi wake ni wa siku ngapi? Yai lake lilitoka karibu na tarehe gani?
2. Kwa nini mke na mume watibiwe pamoja magonjwa ya zinaa?
3. Katika kijiji chetu, ni maji gani yana kichocho? Nani huyaingia kila siku?
4. Mama akizirai usiku mwenye matone na maumivu, kijiji chetu kina mpango gani wa kumfikisha hospitali?
5. Tuna desturi gani zinazomlaumu mwanamke peke yake kwa kukosa mtoto? Tuzibadilisheje?

Jibu la swali la 1: siku 30, karibu na tarehe 21 Juni.